Kondo la Nyuma na Vumbi la Plastiki

Kondo la nyuma ni kiungo chenye maisha mafupi na kazi nyingi. Huanza pamoja na mimba, hutumika miezi tisa, kisha humfuata mtoto nje na utumishi wake huwa umekwisha. Kwa muda huo huwa ndilo pafu, utumbo na figo za kiumbe asiyeweza bado kupumua, kula wala kujisafisha. Damu ya mama haichanganyiki na damu ya mtoto. Hukaribiana tu, na katikati yao pana utando mwembamba ambao hewa na chakula huupenya kwenda, na taka huupenya kurudi. Wazee walikijua cheo chake. Watu wengi wa Afrika ya Mashariki hulizika kondo kwa heshima, na mtu atajapo kwao husema ndiko kilikozikwa kitovu chake.

Zamani utando huo ulidhaniwa kuwa ngome. Dhana hiyo ilivunjwa na msiba. Mwaka 1957 dawa iitwayo thalidomaidi ilianza kuuzwa katika Ujerumani ya Magharibi, ikasifiwa kuwa ni salama, na wajawazito wakainywa kutuliza kichefuchefu. Iliondolewa sokoni huko mwaka 1961, lakini watoto wanaokadiriwa kuwa zaidi ya 10,000 katika nchi mbalimbali walizaliwa na vilema, wengi wao mikono au miguu yao ikiwa mifupi mno. Tangu hapo ilieleweka kuwa kondo si ngome bali ni mlango wenye bawabu, na bawabu aweza kudanganywa.

Leo bawabu huyo anajaribiwa na mgeni mwingine. Mwaka 1907 Leo Baekeland alibuni plastiki ya kwanza iliyotengenezwa yote kwa ufundi wa kikemia. Uimara wa plastiki ndio sifa yake, na ndio aibu yake pia: haiozi upesi, bali humeguka. Jua huikausha, mawimbi na magurudumu huisaga, ikawa chembe, na chembe zikawa vumbi. Mwaka 2004 Richard Thompson na wenzake wa Uingereza walieleza habari za chembe hizo katika bahari na fukwe, na siku hizi kila kipande kisichofika milimita 5 huhesabiwa miongoni mwao. Vumbi hilo huvutwa pamoja na pumzi, humezwa pamoja na maji na chakula.

Mwaka 2021 wataalamu wa Italia walitangaza kuwa wameyachunguza makondo 6. Ili plastiki ya chumba cha uzazi isiwadanganye, wakunga na madaktari walivaa glavu za pamba. Katika makondo 4 zilionekana chembe 12: 5 upande wa mtoto, 4 upande wa mama, na 3 katika ngozi ya chupa ya uzazi. Hakuna iliyozidi sana sehemu ya mia ya milimita. Mwaka 2024 wataalamu wa New Mexico, Marekani, walipima makondo 62 kwa njia nyingine, wakaikuta plastiki katika yote, tangu mikrogramu 6.5 hadi 685 kwa kila gramu. Zaidi ya nusu ilikuwa poliethilini, ambayo hutumika kufanyia mifuko na chupa.

Je, mgeni huyu hudhuru? Hapa yapasa kusema kwa kipimo. Panya wenye mimba waliotiwa chembe ndogo mno mapafuni, katika jaribio la Marekani lililotangazwa mwaka 2020, walikutwa nazo siku ya pili katika kondo, na katika ini, moyo na ubongo wa vitoto vyao; uzito wa vitoto na wa makondo ulikuwa umepungua. Lakini panya si mtu, na dozi ya maabara si maisha ya kila siku. Tena plastiki imo katika hewa ya maabara yenyewe, na mafuta ya mwili huweza kujifanya poliethilini mbele ya chombo cha kupimia. Kwa hiyo kuonekana kwa chembe si ushahidi wa ugonjwa. Wala kukosekana kwa ushahidi si cheti cha usalama. Thalidomaidi nayo ilikuwa na cheti cha sifa.

Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole. Lakini mtoto aliye tumboni hakujichoma. Hakununua mfuko, hakunywa chupani, hakutupa taka pwani. Mama naye hulaumiwa upesi, ingawa hawezi kuchagua hewa ya kuvuta. Aweza kuepuka kutia chakula cha moto katika plastiki, na hilo ni jema. Zaidi ya hapo mzigo ni wa jamii. Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2006, Rwanda 2008, Kenya 2017, na Tanzania Bara 2019. Sheria hizo zilitungwa kwa ajili ya mitaro, mifugo na bahari. Sasa zimepata sababu iliyo karibu zaidi. Wanaozika kondo huirudishia ardhi kilicho chake. Ni haki ya ardhi, na ya mtoto, kwamba kisizikwe ndani yake kitu kisichooza.