Upendo Unaojua Kukaa Mbali



Juma hili nawaalika tuwatafakari gorila wa milimani, viumbe wa Mungu wanaoishi porini katika misitu ya Uganda, Rwanda na Kongo pekee. Sensa iliyotangazwa mwaka 2019 iliwahesabu 1,063 tu. Miili yao inafanana mno na yetu, hata mafua yetu yaweza kuwaua. Ndiyo maana kundi moja la gorila hutembelewa na wageni wasiozidi 8 kwa siku, kwa muda wa saa 1. Huko Bwindi, baada ya janga la UVIKO-19 kuzuka mwaka 2020, umbali uliotakiwa uliongezwa kutoka mita 7 hadi 10.

Sheria ipo, na mwongozaji yupo. Hata hivyo, watafiti waliochunguza picha 858 za watalii wakiwa na gorila, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2021, waliona kuwa nyingi zaidi zilionyesha watu walio ndani ya mita 4. Je, hao ni watu waovu? La hasha. Yamkini walisukumwa na upendo, lakini upendo usiojua mpaka.

Aliyelipa dola 1,500 nchini Rwanda kwa saa hiyo moja aweza kudhani amenunua haki ya kusogea. Naye mwongozaji anayetumaini bakshishi aweza kuona vigumu kumkemea. Adhabu humzuia mtu anapoonwa. Asipoonwa, kinachomzuia ni kutambua kwamba pumzi yake yaweza kuwa mauti kwa yule anayempenda. Utambuzi huo ukishuka moyoni, ndio dhamiri.

Musa alipokiona kijiti kikiwaka moto, aliambiwa asikaribie, bali avue viatu vyake. Hakufukuzwa, alifundishwa kuheshimu. Kutoka umbali ule ule alizungumza na Mungu.

Ndugu zangu, wengi wetu hatutafika Bwindi. Lakini ni mara ngapi twampiga picha mgonjwa kitandani bila ridhaa yake, au kumhojihoji mfiwa kabla machozi hayajakauka, tukisema twafanya hivyo kwa upendo? Juma hili, kabla ya kumsogelea mtu, tujiulize: je, ukaribu wangu unampa uhai, au unamnyima pumzi?

Mungu Muumba awabariki nyote. Tafakari njema.