Neno Moja Katika Barua ya Minazi

Asubuhi moja ya Jumatatu alifika katika ofisi moja huko Diani mzee wa Kidigo, amevaa kikoi na kofia ya kushonwa kwa mkono, naye ameshika bahasha ya kaki iliyokunjwa mara mbili. Karani aliyekuwa mezani akamwamkia, "Shikamoo, baba." Mzee akaitikia, "Marahaba, mwanangu," kisha akaeleza ya kuwa hakuja kugombana na mtu. Alikuja kuuliza tu ni lini watu wa barabara watafika kuing'oa minazi yake, ili amtafute mkwezi mapema, aangue nazi zilizokwisha kukomaa. Maana fidia, alisema, amekwisha nyimwa.

Karani akaifungua ile bahasha. Barua iliyokuwamo aliijua vizuri, kwa kuwa aliiandika yeye mwenyewe. Sentensi ya kwanza ilisema hivi: "Your claim has not been fully accepted." Nyuma yake palikuwa na karatasi ya pili yenye hesabu: katika minazi 51 iliyoorodheshwa na mzee, 34 imekubaliwa kulipiwa, na 17 imekataliwa kwa sababu ilionekana imesimama ndani ya hifadhi ya barabara. Mwisho wa barua mzee alipewa siku 30 za kuleta malalamiko yake, kama anayo. Siku hiyo ilikuwa ya 26.

"Nani alikusomea barua hii, baba?"

Aliisoma mpwa wake, kijana aliyemaliza darasa la nane, nao wamekaa chini ya mwembe na jamaa wote wakisikiliza. Kijana alisoma sentensi ile ya kwanza, akaifasiri, "Dai lako halikukubaliwa kabisa." Hapo mzee akamwambia ainyamazie, imetosha. Karatasi ya pili haikufunguliwa. Tangu siku hiyo mzee alikaa akijihesabu kuwa mtu asiye na kitu, na Ijumaa ya juma hilo alikuwa amepatana na mnunuzi mmoja amuuzie kipande cha shamba kilichosalia, kwa bei ambayo muuzaji huikubali akiwa na shida.

Kijana yule hastahili lawama kubwa. Ukimwuliza mtu yeyote maana ya "fully" atakujibu "kikamilifu" au "kabisa", na "has not been accepted" ni "halikukubaliwa". Kila neno alilifasiri sawa. Kosa limo katika mahali neno lilipowekwa, na jambo hili linafaa lielezwe kwa urefu kidogo, kwa kuwa linawahusu wote wanaoandika barua za ofisi na wote wanaozipokea.

Katika Kiswahili kitenzi cha kutendwa ni neno moja lililofungamana. Tukisema "limepimwa", wakati umo ndani, shamba limo ndani, na ile "w" inayoonyesha ya kuwa shamba halikupima bali lilipimwa, nayo imo ndani. Hapana ufa wa kupenyeza neno jingine. Kielezi hungoja nje, na mara nyingi hungoja nyuma: limepimwa vizuri, limepimwa jana, limepimwa tu. Ni pale tu tunapotumia vitenzi viwili, kama "lilikuwa limepimwa", ndipo neno kama "tayari" linapoweza kuingia katikati, tukasema "lilikuwa tayari limepimwa".

Mwingereza hana neno moja la namna hiyo. Yeye husema "has been measured", vipande vitatu vyenye nafasi mbili kati yake, na kila nafasi ina kazi yake. Katika nafasi ya kwanza, baada ya kisaidizi cha mbele, huwekwa kwa kawaida maneno yanayohusu habari nzima: kwamba jambo limekwisha kuwa, au halijapata kuwa kamwe, au yamkini litakuwa. Kwa hiyo husemwa "has already been measured", na "has never been measured", na "will probably be measured". Katika nafasi ya pili, mlangoni pa kitenzi kikuu, hukaa maneno ya namna na kiasi, yaani tendo lenyewe lilitendwaje: "has been carefully measured", "has been badly damaged". Ukisema "has badly been damaged", Mwingereza atakufahamu, lakini atakunja uso. Neno la namna laweza pia kwenda mwisho, "has been measured carefully", wala si kosa.

Karani huyu alifundishwa mambo hayo katika shule ya sekondari ya misheni, na mwalimu aliyechora ubaoni nyumba yenye vyumba. Wako walimu wengine waliowakataza wanafunzi kutenganisha kisaidizi na kitenzi kikuu kwa neno lolote, na karani wengi waliofunzwa hivyo huandika barua ngumu kama ubao wa mwangati. Hofu hiyo haina msingi. H. W. Fowler, Mwingereza aliyetoa kamusi mashuhuri ya matumizi ya Kiingereza mwaka 1926, aliikataa, akaona imetokana na katazo jingine, lile la kutenganisha "to" na kitenzi chake.

Kwamba mahali pa neno si pambo tu, na aangalie msomaji sentensi mbili hizi za fedha. Ya kwanza: "The money was wrongly said to have been paid." Ya pili: "The money was said to have been wrongly paid." Maneno ni yale yale, hata moja halikuongezwa. Lakini katika ya kwanza fedha hazikulipwa, na aliyesema zimelipwa ndiye aliyekosea. Katika ya pili yasemwa fedha zimelipwa, ila zimelipwa visivyo, labda kwa mtu asiyestahili. Karani akilisogeza neno hilo moja kwa kutojali, aweza kumfanya mtunza fedha kuwa mwizi.

Sasa turudi kwenye barua ya mzee. Katika Kiingereza "not" imetangulia, na "fully" imekaa nyuma yake, mlangoni pa "accepted". Kinachokanushwa hapo ni ule ukamilifu peke yake: kukubaliwa kupo, ila hakukutimia. Kiswahili hakifanyi hivyo. Ukanusho wetu u kichwani mwa kitenzi, katika ile "ha-", na "kabisa" ikija nyuma ya kitenzi kilichokanushwa, mara nyingi huugongomea ukanusho kama msumari. Sitaki kabisa. Hakuja kabisa. Halikukubaliwa kabisa. Hivyo kukubaliwa kwa minazi 34 kulivuka kutoka lugha moja hadi nyingine kukawa kukataliwa kwa yote 51.

Lililomuumiza karani ni kwamba sentensi ile aliiandika kwa fahari. Alikumbuka hata siku aliyoiandika, alivyoisoma mara mbili na kuona kielezi kimekaa chumbani mwake barabara. Mtahini yeyote angempa alama zote.

Akasema, "Baba, dai lako limekubaliwa, ila si lote. Minazi 34 utalipwa. Iliyokataliwa ni 17."

Mzee akanyamaza kitambo. Akaomba asomewe tena, na karani akasoma tena, safari hii akianza na karatasi ya pili. Ndipo mzee alipokasirika. "Na mbona barua haikusema hivyo?" Karani alifungua kinywa amjibu ya kuwa barua ilisema hivyo hivyo, kisha akakifunga.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini desturi ya ofisi haigeuki kwa siku moja, na barua nyingi zinazopelekwa kwa wakulima zingali zinaandikwa kwa Kiingereza. Karani alimwendea mkubwa wake na kumwomba sentensi ile ibadilishwe, iandikwe "Your claim has been accepted in part", ambayo haina ukanusho wa kumpoteza mfasiri, tena ichapwe na Kiswahili chake chini: "Dai lako limekubaliwa, ila si lote." Mkubwa alijibu ya kuwa maneno yale yametumika miaka mingi na hapana aliyelalamika. Karani hakubishana. Ila aliona moyoni ya kuwa mtu aliyeelewa kwamba amenyimwa kila kitu hana sababu ya kupanda matatu mpaka ofisini kulalamikia sarufi. Kwa hiyo yeye mwenyewe, kwa kalamu, huandika Kiswahili kile chini ya kila barua inayopita mezani pake.

Mchana ule mzee hakwenda zake. Alituma habari kwa yule mnunuzi kwamba Ijumaa asije, kisha akavuta kiti karibu na meza. Malalamiko yaliandikwa kwa Kiswahili. Karani alidhani yatakuwa mafupi, lakini mzee aliijua minazi ile 17 mmoja mmoja: upi ulipandwa na mjomba wake, upi ulipigwa na radi ukapona, upi uko kwenye mpaka na upi hauko. "Huu," alisema, akiweka kidole juu ya meza kana kwamba ni shamba, "barabara ilikuja ikaukuta." Karani akaandika hivyo hivyo, akageuza ukurasa.