Mji Mkongwe: Mitaa Inayokukaribisha Kitako

Ukitaja Zanzibar kwa wapenzi, wengi wanawaza ufukwe tu. Sisi tulikuwa na hesabu nyingine. Mimi na mume wangu tunaishi Tunduma, mji wa mpakani wenye malori usiku na mchana, na tuna kiwanja tunachotaka kukijenga. Yeye anataka ukuta mrefu na geti la chuma, mimi nataka nyumba inayosalimiana na mtaa. Basi likizo yetu ikawa ya kutazama nyumba za watu!

Zungukeni asubuhi, jua halijawa kali. Vichochoro vya Mji Mkongwe ni vyembamba, nyumba za pande mbili zinapeana kivuli. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, dari zimebebwa na boriti za mikoko. Urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba, ndiyo maana vyumba vingi ni virefu na vyembamba.

Kisha tazameni milango. Ule wenye umbo la upinde juu una asili ya Uhindini. Wa Kiarabu wa zamani umenyooka juu, na fremu yake imechongwa maua na minyororo.

Lakini kilichotunasa ni baraza, yale mabenchi ya mawe yaliyojengwa pamoja na ukuta, nje ya mlango. Hapo mgeni anapokewa bila kuingia ndani: faragha ya nyumba inabaki, na ujirani unabaki. Mtaa wa Soko Muhogo, wazee waliokuwa wanakunywa kahawa walitusogezea nafasi. "Karibuni kitako, wanangu." Mume wangu, mtu wa kuangalia saa kila dakika, akakaa saa nzima.

Ila uzuri huu unataka matunzo, jamani. UNESCO iliuingiza mji huu kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2000. Hata hivyo, tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na kuua watu wawili.

Kwetu Songwe, mkoa ulioanzishwa 2016, mitaa mingi ndiyo kwanza inajengwa. Tukijifungia wote nyuma ya kuta, watoto wetu watajuana vipi na majirani? Kwenye ramani yetu ukuta umebaki, hapo mwenzangu kashinda. Ila nje ya geti kutakuwa na baraza mbili, moja kila upande. Wewe na mwenzio mkipanga kujenga, nendeni kwanza mkakae pale.