Kidole Gumba na Kalamu: Kumbukumbu za Kazi ya Kisomo Kusini mwa Ziwa Viktoria

Katika mazungumzo ya kila siku maneno lengo, wito na kusudi huchanganywa, lakini katika kumbukumbu hizi yanatenganishwa, kwa kuwa bila hivyo maisha ya kazi ya mwandishi wake hayaeleweki. Lengo ni jambo linalokwisha pindi likifikiwa, kama vile kufaulu mtihani au kuezeka nyumba kwa bati. Wito ni mvuto wa kuiendea kazi fulani, na husemwa zaidi juu ya walimu, wauguzi na watumishi wa dini. Kusudi, kwa maana inayochukuliwa hapa, ni sababu inayomfanya mtu akatae mambo yenye faida na kushikilia lile moja hata pale asipoonwa na yeyote. Mwandishi hakulipata kusudi lake kwa kulitafuta. Lilimjia kwa njia ya aibu, akiwa karani wa mizani mwenye umri wa miaka 20, katika msimu wa pamba wa mwaka 1968.

Chama cha msingi, yaani chama cha ushirika ambacho wakulima wa vijiji vya jirani walikiuzia mazao yao, kilikuwa chombo cha heshima kubwa Usukumani. Ushirika wa pamba wa eneo la Ziwa ulijengwa katika miaka ya 1950, Paul Bomani akiwa miongoni mwa viongozi wake, na mojawapo ya sababu za kuundwa kwake ilikuwa malalamiko ya wakulima kwamba walipunjwa kwenye mizani ya wanunuzi binafsi. Mwaka 1955 vyama vya ushirika vya eneo hilo viliungana katika Victoria Federation of Co-operative Unions. Mizani, basi, ndiyo iliyouzaa ushirika, na karani aliyesimama kando yake alikuwa amebeba amana. Alipima mzigo, akatenganisha pamba safi, ambayo ni nyeupe na haina takataka, na pamba fifi, ambayo imebadilika rangi au kuharibiwa na wadudu na hivyo bei yake ni ya chini, kisha akajaza stakabadhi, na mkulima asiyejua kusoma akabonyeza kidole gumba kwenye wino na kukikandamiza chini ya maandishi.

Siku moja karani mkubwa wa kituo aliandika fifi kwenye stakabadhi ya mzigo ambao mwandishi alikuwa ameupokea kwa mikono yake mwenyewe na kuuona kuwa safi. Mwenye mzigo alikuwa mama wa makamo aliyekuwa akiamkiwa na mwandishi kila asubuhi kama mzazi wake. Aliweka kidole, akakifuta kwenye pindo la kanga, akasema, “Asante, mwanangu,” akaondoka. Mwandishi alinyamaza. Hakuchukua hata senti, lakini aliiona karatasi, akaielewa, akaiacha ipite, na alama ile ya zambarau kwenye pindo la kanga haijamtoka machoni hadi leo.

Mwaka huohuo wa 1968 ulianza, kwa msaada wa UNESCO na makao yake yakiwa Mwanza, mradi wa majaribio wa kile kilichoitwa kisomo chenye manufaa, yaani kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kupitia kazi anayoifanya mwanafunzi mwenyewe, iwe kilimo cha pamba, uvuvi au malezi ya nyumbani. Mwalimu Nyerere alipoutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, mwandishi alikwishaacha mizani na kuwa mwalimu wa kujitolea, kwa posho ya shilingi 30 kwa mwezi, ambayo haikufika kila mwezi. Darasa lilikuwa chini ya mkwaju, alasiri, baada ya watu kutoka shambani. Ubao ulitiwa weusi kwa unga wa betri kuukuu za redio.

Mama yule alikuja wiki ya pili. Mkono uliozoea jembe uliibana penseli kwa nguvu mpaka ncha ikatoboa karatasi, na zaidi ya hayo, vitabu vilikuwa vya Kiswahili ilhali yeye, kama wengi darasani, aliwaza kwa Kisukuma, kwa hiyo alibeba mizigo miwili kwa pamoja. Mwandishi anaamini kwamba ugumu huu wa pili haukupewa uzito uliostahili. Kilichomsaidia mama huyo ni stakabadhi iliyochorwa ubaoni, kwa sababu neno safi na neno fifi alikuwa akiyajua kwa hasara kabla hajayajua kwa herufi. Msimu uliofuata alisimama mbele ya mizani, akasoma, akasema kwa utulivu kwamba pamba yake si fifi, na mzigo ukafunguliwa upya mbele ya watu.

Tangu hapo kusudi la mwandishi lilipata umbo la maneno machache, nayo yamekuwa kipimo chake: asiwepo mtu anayeweka kidole chini ya maandishi asiyoweza kuyasoma. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, ambayo kwayo vikundi vilisikiliza redio, vikajadili, kisha vikachimba vyoo na kufyeka vichaka, ilimpa furaha kubwa, lakini hata humo aliendelea kuuliza nani alikisoma kijitabu cha kampeni na nani alisomewa. Kitaifa, idadi ya wasiojua kusoma na kuandika ilishuka kutoka takribani asilimia 67 katika miaka ya mwisho ya muongo wa 1960 hadi chini ya asilimia 10 mwaka 1986, kwa takwimu za serikali. Baadaye karatasi ziliadimika, posho zikakoma na madarasa mengi yakafa. Mwandishi aliitwa mara mbili kwenye kazi ya ofisini mjini: mara ya kwanza alikwenda, akakaa miezi 14 akipanga majalada ya madarasa asiyoyaona, akarudi, mara ya pili alikataa, na familia yake iliulipia uamuzi huo kwa karo zilizochelewa, jambo ambalo analikiri bila kujitetea.

Leo stakabadhi ya wino imetoweka na pesa huja kwa simu, lakini yupo bibi anayemkabidhi wakala simu yake pamoja na namba ya siri, kwa kuwa hawezi kuusoma ujumbe unaomweleza kiasi alichotumiwa. Darasa la mwandishi linakutana kila Jumanne na Alhamisi, saa kumi alasiri. Lina wanafunzi 11, wanane kati yao wanawake, na somo la wiki hii ni kusoma salio.