Do-mi-so, mi-so-do

Nimeadimika humu kwa sababu kila jioni napambana na kinanda badala ya kompyuta.

Ilianza Jumapili moja kanisani kwetu Kawangware. Mpiga kinanda alikuwa safarini, nikaombwa kushika nafasi yake. Nilijua akodi tatu tu, C, F na G, zote katika umbo la kawaida. Kila nilipohama mkono uliruka, nikachelewa, waimbaji wakanisubiri. Ubeti wa pili hawakunisubiri tena. Mwalimu wa kwaya akaninong'oneza, "Ndugu, nyamaza kidogo tumalize." Nikanyamaza.

Kesho yake, saa ya chakula ofisini mjini, nikafungua Python. Katika MIDI kila noti ni namba: C ya kati ni 60, na kila nusu toni huongeza 1. Akodi ya C ni [60, 64, 67]. Kuigeuza, chukua noti ya chini, ongeza 12, ipeleke mwisho: [64, 67, 72]. Rudia: [67, 72, 76]. Wanakwaya wetu wanaosoma solfa wangesema do-mi-so, mi-so-do, so-do-mi. Noti ni zilezile, zimebadilishana viti tu.

Nikahesabu vidole vitatu husafiri kiasi gani kwenye C-F-G-C. Bila migeuzo: 15 + 6 + 21 = nusu toni 42. Nikitumia F [60, 65, 69] na G [59, 62, 67]: 3 + 6 + 3 = 12. Tazama hapo katikati: F kwenda G haikupungua hata moja.

Lakini kujua si kuweza. Dawa ni apejio: noti moja moja, polepole, metronomu kwenye 60. Mkono wa kulia, C-E-G-C ni vidole 1-2-3-5; E-G-C-E na G-C-E-G ni 1-2-4-5. Wa kushoto ni 5-4-2-1, 5-4-2-1, kisha 5-3-2-1. Noti zikipigwa pamoja kidole kivivu hujificha. Moja moja kinaumbuka. Nafanya hata ndani ya matatu ya 46, juu ya mkoba wa laptopu, foleni ikikaza Valley Road. Kondakta aliwahi kuniuliza kama naumwa.

Jumapili iliyopita nilirudi kwenye kinanda. Nilichelewa mara mbili, zote kutoka F kwenda G. Programu ilikuwa imenionya. Ila safari hii kwaya ilimaliza wimbo nami.

Mwenye kinanda ajaribu, kisha anijuze.