Kidole changu, siri ya mwingine

Najua nimepotea, majukumu yalinibana. Leo sina siasa wala mpira. Nataka tuzungumze kuhusu kidole. Ndiyo, hicho hicho unachofungulia simu.

Wiki kadhaa zilizopita nilikuwa Kariakoo, kwenye mgahawa mmoja wa uchochoroni, nakunywa chai na mtu ambaye alikuwa na jambo la kuniambia kuhusu kazini kwake. Jina lake sitalitaja na kazi yake sitaitaja. Nilikuwa nimemfuatilia kwa miezi miwili. Nikaweka simu mezani tayari kurekodi. Jamaa akaiangalia simu, akaniangalia mimi.

"Mdogo wangu, hiyo simu yako unaifunguaje?"

"Kwa kidole, kaka," nikajibu kwa madaha kabisa. "Hakuna mwingine anayeweza kuifungua."

Hakusema kitu. Alinyoosha mkono, akanishika kiganja kama mtu anayetaka kunisalimia, akachukua kidole changu gumba na kukibandika kwenye simu. Ikafunguka. Meseji zangu zote hizo hapo, pamoja na zake mwenyewe.

"Umeona? Na wala sijakuomba ruhusa."

Akamalizia chai yake, akaniambia nikishajipanga nimtafute, akaondoka. Nikabaki na chapati mbili na aibu.

Jamani, niwe mkweli. Mimi ni mtu ninayejiona najua mambo ya teknolojia. Ofisini wenzangu wakikwama na simu wananiita mimi. Lakini tangu nianze kutumia kidole sikuwahi kujiuliza swali dogo kama lile: je, anayenishika mkono kwa nguvu akitaka kufungua, nitamzuia vipi? Namba iliyoko kichwani lazima niitamke au niiandike. Kidole hakina haja ya kukubali. Hata ukiwa umelala kinafanya kazi.

Nikaingia kusoma. Kisoma alama kwenye simu nyingi kinatazama matuta na mabonde ya ngozi. Tuta linagusa, bonde haligusi, na tofauti hiyo ndogo ya umeme inageuzwa kuwa ramani ya hesabu inayofichwa ndani ya simu. Picha yenyewe ya kidole haihifadhiwi. Hapo wamefanya vizuri. Tatizo ni kwamba alama zetu tunaziacha kila mahali: kwenye glasi, kwenye mlango wa daladala, kwenye kioo cha simu yenyewe. Apple walipotoa iPhone 5s yenye kisoma alama mwezi Septemba 2013, wadukuzi wa Ujerumani wanaojiita Chaos Computer Club walikihadaa ndani ya siku chache tu. Walipiga picha alama iliyoachwa kwenye kioo, wakatengeneza kidole cha bandia. Desemba 2014 mwenzao, Jan Krissler, akaonyesha kwamba alipata alama ya kidole gumba cha Ursula von der Leyen, aliyekuwa waziri wa ulinzi wa Ujerumani, kutokana na picha za kawaida zilizopigwa hadharani. Waziri wa ulinzi! Sasa mimi wa Kariakoo ni nani?

Na neno la siri likivuja unabadilisha. Kidole kikivuja unabadilisha nini? Unavyo kumi tu.

Nikiwa katika mawazo hayo nikamkumbuka mama.

Mama yangu yuko Mtwara. Kwa miaka mingi amebangua korosho kwa mikono, ndizo zilizonilipia ada. Wanaojua kazi hiyo wanajua lile ganda lina mafuta makali yanayounguza ngozi. Wanawake wanajipaka majivu kabla ya kushika kazi, lakini mafuta yanapenya tu. Ukimshika mama mkono, ncha za vidole vyake zimekuwa laini kama kokoto ya mtoni.

Mnakumbuka usajili wa laini kwa alama za vidole ulioanza Mei 2019? Mwisho ulikuwa 31 Desemba, ukasogezwa hadi 20 Januari 2020. Nilikuwa nyumbani kwa likizo, nikampeleka mama kwa wakala. Namba ya kitambulisho cha taifa anayo, kila kitu kiko sawa. Kijana akamwambia, "Mama, weka kidole." Akaweka. Mashine ikakataa. Kingine. Ikakataa. Akapewa kitambaa afute, akapakwa mafuta kidogo, akafutwa tena. Foleni nyuma yetu ikaanza kuguna. Mama akawa anaviangalia vidole vyake kama mtu anayeangalia watoto waliomwaibisha mbele za watu.

Ile laini haikuwa ya kupigia simu tu. Ndimo zilimokuwa hela zake za korosho za msimu ule, zote. Laini ikifungwa, ataanzia wapi?

Kilichotuokoa ni kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto. Hakishiki ganda sana wakati wa kubangua, kwa hiyo kimebaki na mistari yake. Baada ya kujaribu vingine vyote, hicho kikasoma. Watu kwenye foleni wakapiga makofi. Mama hakucheka.

Njiani nikamuuliza kama nimwekee kidole hicho kimoja kwenye simu yake, awe anafungulia. Akanijibu: "Mwanangu, hela zangu zina namba. Namba iko kichwani. Korosho haijafika huko."

Siku ile nilicheka nikaona ni utani wa mama. Pale mgahawani Kariakoo ndipo nilipoelewa kwamba mama wa Mtwara na yule kaka mwenye hofu walikuwa wananiambia jambo moja, nami nimechelewa miaka kadhaa.

Basi nikabadilisha. Kwenye simu ya kazi nimeondoa kidole kabisa, nimeweka neno la siri refu. Inachosha, sikatai. Kwenye daladala umeshika bomba kwa mkono mmoja, unaandika herufi kumi na mbili kwa mwingine, dereva anakata kona. Simu ya nyumbani nimeiacha na kidole, maana humo kuna picha za harusi na matokeo ya mpira tu. Na nimejifunza kitu ambacho kinaweza kukufaa hata wewe usiye mwandishi: simu nyingi zikizimwa na kuwashwa upya hazikubali kidole mpaka uandike namba kwanza. Ukiona unaelekea mahali usipopaamini, izime kabla hujafika.

Kisha nikahamia kwenye sauti. Nilikuwa nimemwasha yule msaidizi unayemsemesha naye anakujibu, kwa sababu ya uvivu tu: niwekee kengele, mpigie fulani. Lakini ili akusikie unapomwita, lazima masikio yake yawe wazi muda wote. Julai 2019 gazeti la The Guardian la Uingereza liliandika kwamba kulikuwa na watu walioajiriwa kusikiliza sehemu ya sauti zilizorekodiwa na Siri, zikiwemo zile alizodaka bila kuitwa. Apple wakasimamisha zoezi hilo na mwezi Agosti wakaomba radhi. Na hebu fikiria jina lenyewe lilivyokaa kwetu Waswahili. Anaitwa kwa kusema "Hey Siri". Sasa mtu ananong'ona "nina siri," nawe unaitikia "ehe, siri gani?" Umeshamwita huyo! Kwa mtu wa kazi yangu huo si utani. Nimemzima.

Lakini nisiwe mnafiki, sauti si adui. Mama anasoma polepole na vile vidole laini vinamsumbua kwenye herufi ndogo. Siri ilipozaliwa mwaka 2011 ilijua Kiingereza, Kifaransa na Kijerumani. Mama hajui hata kimoja. Agosti 2017 ndipo Google walipoongeza Kiswahili, cha Kenya na cha Tanzania, kwenye kuandika kwa sauti. Msimu uliopita nikamfundisha: bonyeza hapa, sema, itaandika yenyewe. Akaishika simu mbali kidogo na mdomo, akakaa kimya, kisha akasema, "Hodi."

Nikamwambia hapana mama, anza tu kusema. Akasema huwezi kuingia kwa mtu na kuanza tu kusema.

Kwa hiyo sasa napokea meseji nzima nzima kutoka kwake, na zote zinaanza na hodi. Ya juzi ilisomeka: hodi mwanangu korosho zimeanza kuanguka njoo. Ile sauti yake imepita kwa nani kabla ya kunifikia, sina uhakika. Lakini ni habari za korosho, na yeye ndiye aliyechagua kuzisema. Yule kaka hakuwa na nafasi ya kuchagua, mimi ndiye nilikuwa namchagulia bila kumwambia.

Nilimtafuta tena baada ya kujipanga. Mgahawa ule ule. Nikaweka simu mezani, nikaiandikia neno langu refu huku nimeifunika kwa kiganja kama mtoto anayeficha majibu ya mtihani. Nikakosea mara ya kwanza. Nikaandika tena. Yeye anangoja, hana haraka.

Ilipofunguka akavuta kiti karibu, akasema, "Haya, sasa washa hicho kirekodi chako."

Tupo pamoja, wadau. Wewe ya kwako unaifunguaje?