Picha ndani ya imeili, na tangazo ambalo jirani yangu hakulisikia

Kimya changu ni testi, mnajua wenyewe msimu huu ulivyo. Leo nina jambo limenikaa kooni tangu wiki iliyopita, nalo ni hizi picha zinazobandikwa katikati ya imeili. Sisemi zile unazoambatanisha pembeni. Nasema zile ambazo ukifungua barua tu, picha hiyo hapo, chini ya maneno.

Nianze kwa kuwa muungwana: kitu chenyewe ni kizuri. Rumeti wangu anasoma Kilimo, utafiti wake ni wa magonjwa ya mihogo. Alimtumia msimamizi wake picha tisa kama viambatanisho, majina ya mafaili ni tarakimu tupu. Mzee akajibu kwa kuuliza, hili jani la shamba gani? Jamaa akaandika upya. Safari hii aya moja ya maelezo, chini yake picha ya jani lenye batobato, limejikunja na lina mabaka ya njano. Aya nyingine, chini yake mzizi uliokatwa unaoonyesha michirizi ya kahawia. Akapunguza na ukubwa wa picha. Jibu lilikuja siku ile ile, tena la kurasa mbili! Picha ikikaa jirani na maneno yake, msomaji hahangaiki.

Kwa wanaopenda historia: imeili ilizaliwa kama maandishi matupu, tena herufi za Kiingereza. Mambo yalibadilika mwaka 1992, Nathaniel Borenstein na Ned Freed walipotoa utaratibu uitwao MIME, unaoruhusu barua moja kubeba vipande vya aina mbalimbali. Machi 11 mwaka huo Borenstein akatuma barua ya majaribio yenye picha ya kikundi chake cha kuimba pamoja na sauti yao wakiimba. Yaani moja ya picha za kwanza kusafiri hivyo ni ya washkaji wanaimba, teh teh!

Sasa inavyofanya kazi. Njia ya barua ilijengwa kubeba herufi, kwa hiyo picha inageuzwa kuwa herufi kwanza, kwa mtindo unaoitwa base64. Kila baiti tatu zinakuwa herufi nne. Maana yake picha ya MB 3 inasafiri ikiwa na kama MB 4. Piga hesabu ya picha tisa za hivyo: MB 27 zinakuwa 36, wakati Gmail mwisho wa kutuma ni MB 25. Na kuivuta picha kona ionekane ndogo kwenye kioo mara nyingi hakupunguzi uzito wake. Ipunguze kabla hujaibandika.

Halafu kuna njia mbili za picha kuonekana ndani ya barua. Ya kwanza, picha yenyewe inakuja na barua, ina lebo yake, na maandishi yanaiita kwa lebo hiyo. Ya pili, barua inabeba anwani tu, picha imekaa kwenye kompyuta ya mtu mwingine huko, inavutwa ukifungua. Hii ya pili ndiyo inayotumiwa na watu wa matangazo kujua kama umefungua barua yao, wakati mwingine kwa kapicha kadogo mno usikokaona. Ndiyo maana programu nyingi za barua huzizuia picha hizo mpaka uruhusu. Gmail tangu Desemba 2013 huzionyesha yenyewe, ila inazipitisha kwanza kwenye mitambo yake. Wengine tumezizima kwa makusudi, bando halitoshi bwana.

Basi bwana, hapo ndipo ninapofika. Ofisi moja hapa chuoni ilituma tangazo kwamba testi imetolewa Ijumaa na kupelekwa Alhamisi. Barua yenyewe haikuwa na neno hata moja. Ilikuwa bango limebandikwa, lina nembo, rangi, maua pembeni, na tarehe imeandikwa humo humo kwenye picha. Jirani yangu wa chumba cha pili haoni. Barua zake anasomewa na simu, na simu inasoma maandishi. Alifungua barua ile Jumatatu kama sisi wote. Simu ikasema, "Picha", ikataja jina la faili, ikanyamaza. Akadhani ni matangazo ya biashara. Alhamisi sisi tuko ndani tunaandika, yeye yuko chumbani anajisomea kwa ajili ya Ijumaa.

Alipewa testi nyingine, lakini baada ya kuzungushwa wiki nzima na barua mkononi, akiulizwa kila mlango, "Kwani hukupata imeili?" Swali hilo ndilo lililoniudhi. Imeili aliipata. Kilichokuwa ndani hakikumfikia, na aliyeituma anahesabu kwamba ameshatoa taarifa.

Najua mtasema siku hizi kuna programu zinazosoma maandishi yaliyo ndani ya picha. Zipo, na zinasaidia. Lakini mtu atajuaje kwamba hii picha inafaa kuhangaikiwa, katika barua ishirini za siku? Na kwa nini kazi ya dakika moja ya mtumaji iwe mzigo wa msomaji?

Kwa hiyo ma-CR, viongozi wa vikundi, na nyie wenye kupenda mabango, nawaomba. Andikeni kwanza kwa maneno: nini, lini, saa ngapi, wapi. Kichwa cha barua kiseme jambo lenyewe. Halafu bango lifuate chini, hata na maua yake. Programu ikikupa nafasi ya kuandika maelezo ya picha, yaandike, ndiyo yatakayosomwa kwa asiyeona na kwa aliyezima picha. Jipime hivi: ukiifuta picha, barua bado inasema kitu? Kama haisemi, usiitume.

Haya, ngoja nikawahi maji kabla hayajakatika. Wenye visa vya namna hii mnisimulie. Baadaye wadau.